Msuko wa Kuanzia Kushoto

Kikao cha kupanga mashindano kilifanyika kwenye karakana ya viti, maana vikao vyote vilifanyika humo, na kila aliyefika alikalia kiti cha mteja ambacho mwenyewe alikuwa bado hajakifuata. Mama Viti hakukaa. Alisimama kwenye beseni akiloweka nyuzi za henzerani zilainike, mgongo umewaelekea wageni, masikio yote kwao.

Aliyeongea ni Fundi, mdogo wa marehemu mumewe. Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti na koo lake lilikuwa limezoea kushindana na mashine. Hata akinong'ona, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia.

"Shemeji, tumekubaliana. Mwaka huu hatufungui kwa msuko. Tutasimama wote, tutanyamaza dakika moja kwa heshima ya kaka, halafu mapambano yaanze."

"Mmekubaliana lini, na mimi niko hapa hapa?"

Fundi alijikuna shingo. "Njiani. Tulipokuwa tunakuja."

"Basi rudini njiani mkakubaliane upya." Mama Viti alikung'uta maji vidoleni. "Kaka yako hakuwahi kunyamaza dakika nzima tangu nimfahamu. Hata usingizini alikuwa anahesabu mapigo. Leo mnataka kumheshimu kwa kitu kilichomshinda maisha yake yote?"

Watu walicheka, kisha wakakumbuka kwamba nyumba ina msiba, wakainamisha vichwa. Sindano, binti yake, aliyekuwa amekaa kizingitini kakumbatia magoti, hakucheka wala hakuinamisha kichwa. Tangu baba yake azikwe alikuwa hivyo, kama redio iliyopunguzwa sauti. Akiambiwa afanye mazoezi alifanya, akiwekewa chakula alikula, na akichapwa fimbo vidoleni alisema "sawa" na kuendelea. Zamani angechapwa vile, mtaa mzima ungepata habari.

Mchezo wenyewe uliingia katika familia hiyo kwa mlango wa mbele, pamoja na mteja. Miaka mingi nyuma, fundi mitambo mmoja Mfilipino, aliyeletwa kufunga mashine katika kiwanda cha jirani, aliingia karakanani kutafuta kiti cha kupumzikia. Kiti hakununua. Aliona vipande vya henzerani vilivyobaki vimeegemezwa ukutani, akachukua viwili, akavipimapima mkononi, uso ukamchanua kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Kwao, alieleza, hivyo si mabaki. Hizo ni fimbo, na mchezo wake unaitwa arnis. Aliwaambia wamwite Manong, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwao, nao wakamwita hivyo mpaka mkataba wake ulipoisha akarudi nyumbani. Jina lake halisi walilijua siku ya kumuaga, na kesho yake wakalisahau.

Waliojifunza kwake jioni hadi jioni walikuwa wawili: mume wa Mama Viti, aliyekuja kuitwa Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki, na rafiki yake wa chanda na pete, dereva wa basi, ambaye wote walimwita Dereva. Mwalimu naye akamfundisha mkewe, kwa sababu alitaka mtu wa kufanya naye mazoezi asubuhi kabla kazi hazijaanza, na mke ndiye aliyekuwa karibu.

Alichopenda Mama Viti katika mchezo huo kilikuwa kimoja tu: msuko. Watu wawili husimama wakitazamana, kila mmoja na fimbo mbili, na fimbo hizo nne hugongana juu na chini, zikipishana kama nyuzi zinavyopishana kwenye kiti. Wafilipino wana jina lao, sinawali, linalotokana na kusuka, na mtu anayeshinda mchana kutwa akisuka viti hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwalimu alipoanzisha klabu, nayo ikakua na kuanza kuandaa mashindano kila mwaka, aliweka desturi: hakuna pambano litakaloanza kabla yeye na mkewe hawajasuka, mwanzo mpaka mwisho. Fimbo ikianguka, wanarudia. Kwao haikuwahi kuanguka.

"Sawa," alisema Fundi, akavua saa yake na kuitia mfukoni. "Kama lazima msuko uwepo, nitasuka mimi na wewe. Tujaribu sasa hivi tuone."

Walisukuma viti pembeni. Mama Viti alifuta mikono kwenye kanga, akatwaa fimbo zake, akasimama. Fundi akahesabu. Pigo la kwanza fimbo yake ilimtua Mama Viti juu ya vifundo vya vidole.

"Aa! Unaanza wapi wewe?"

"Kulia. Wewe je?"

"Kushoto, kwani kuna kwingine?"

Fundi alimtazama shemeji yake kama mtu anayetafuta namna ya kupitisha sofa kwenye mlango mwembamba. "Shemeji, watu wote wanaanza kulia."

"Mimi nimefungua mashindano yote ya klabu hii. Msuko wa kufungulia unaanza kushoto. Ndivyo ulivyo. Mwalimu alisema ni kwa heshima ya wageni."

Sindano aliongea kutoka kizingitini, taratibu. "Mama, baba alitufundisha sisi wote kuanza kulia. Ni wewe peke yako aliyekuanzisha kushoto."

"Kwa nini?"

"Bega, shemeji," alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Lile alilovunjika alipoanguka darini, ujana wake. Mkono wa kulia haukupanda vizuri juu ya sikio. Akianza kushoto, inapofika zamu ya kulia mwili umeshapata mwendo, haumsumbui. Hukujua?"

Alilijua bega. Alilikanda kwa mafuta ya moto msimu wote wa baridi, kila mwaka, mpaka mkono wake ulilijua kuliko bega lake mwenyewe. Na msuko aliujua. Ila hakuwahi kuviweka pamoja, bega upande huu na msuko upande ule, akaviona kuwa ni kitu kimoja. Heshima ya wageni! Mwongo mkubwa yule. Alitaka kucheka, akaona kicheko kinakuja na kitu kingine nyuma yake, akachukua beseni akaenda kumwaga maji yaliyokuwa bado safi.

Juma lile lote alijaribu kujifunza kulia. Kila asubuhi alisimama na Sindano uani, akijiambia kulia, kulia, kulia, na kila asubuhi mikono ikaenda ilikozoea. Akipata mapigo mawili, la tatu linamtoroka. Vidole vya Sindano vilivimba, vya kwake vikavimba zaidi, na akisuka viti uzi ulimchoma kwenye michubuko.

"Utazoea tu mama," alisema Sindano. "Kila mtu anazoea."

Hapo ndipo Mama Viti alipoelewa kinachomkwamisha. Kuzoea angezoea. Lakini msuko ule wa kushoto ulikuwa umebaki kwake peke yake duniani, na hauwezi kukaa kwa mtu mmoja. Mtu mmoja ana nusu tu. Siku mikono yake itakapojifunza kulia, nusu ile nayo itakuwa imekwenda, na chote alichosuka na mumewe asubuhi zote zile kitakuwa kimefumuka bila mtu kuona. Alihitaji mtu mwenye nusu ya pili. Na alimjua: Dereva, aliyesuka na mumewe jioni zote za Manong.

"Usiende kule," alisema Fundi alipoambiwa.

"Kwani atanila?"

"Hatakula. Atakutolea nje tu, na mimi nitajisikia vibaya."

"Si wewe uliyesema bila klabu yake tutakuwa na wachezaji wa kuhesabu kwa vidole? Sindano ndiye mwanamke pekee katika uzani wake. Utampambanisha na nani, ukuta?"

"Ukuta hautaleta malalamiko," alisema Fundi. Lakini hakusema tena asiende.

Kilichowatenganisha Mwalimu na Dereva kilikuwa kitu kidogo, cha kudumu sekunde chache, na wala hakieleweki kwa mtu asiyecheza mchezo huo. Uani, wakati wa mazoezi, mwenzako akiangusha fimbo unaiokota na kumrudishia, upande wa kushikia ukiwa kwake. Unafanya hivyo mara nyingi sana mpaka mkono unainama wenyewe bila kukuomba ruhusa. Ulingoni sheria ni nyingine: fimbo ya mpinzani ikianguka, pambano haliishi mpaka mwamuzi aseme "simama", na ni haki yako kumchapa. Mwaka waliokosana, kwenye fainali, Dereva alimpiga mpinzani wake mpaka fimbo ikaruka. Mwamuzi alikuwa Mwalimu, na kabla hajafumbua mdomo, Dereva alikuwa ameshainama, ameokota fimbo na kumpa mwenyewe, kama yuko uani. Mpinzani akaipokea, akamshukuru kwa kumchapa nayo kichwani, kwaa, juu ya kofia ya wavu. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu alimtazama rafiki yake, akatazama majaji wake wa pembeni, akanyoosha mkono kwa mpinzani. Pointi. Na pointi hiyo ndiyo iliyompa ushindi.

"Sheria ni sheria," Mwalimu alimwambia baadaye.

"Na mimi ni nani?" aliuliza Dereva, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena karakanani. Alianzisha klabu yake kwenye gereji ya mabasi, upande wa pili wa mji. Kwenye mazishi alikuja, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono.

Mama Viti alifika gereji jua likiwa bado kali, fimbo mbili mbili zimefungwa ndani ya gunia. Kulikuwa na harufu ya dizeli na mpira, na kati ya basi lililotolewa injini na lingine lililoinuliwa juu ya magogo vijana wa Dereva walikuwa wanafanya mazoezi. Alisimama akawatazama. Msichana mmoja mwenye ovaroli, mfupi, mwenye kasi ya ajabu, aliangusha fimbo yake. Mwenzake akaiokota, akampa, na wote wawili wakarudi hatua moja nyuma kabla ya kuendelea. Mama Viti aliliona jambo hilo, akadhani ni adabu tu.

"Breki!" sauti iliita kutoka chini ya basi. "Nimekwambia usiingie mzima mzima! Tulikuita Breki kwa sababu huna, si kwa sababu unazo!"

Dereva alitoka chini ya basi, akajifuta mikono kwa tambara, akainua macho. Alikuwa amenenepa kidogo, na ndevu zimeingia mvi. Alisimama hivyo hivyo na tambara lake.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Kama umetumwa kuhusu mashindano, jibu ni hapana. Nakuheshimu, ndiyo maana nakujibu haraka."

"Sijatumwa. Nani wa kunituma, Fundi? Yeye amenikataza." Aliliweka gunia juu ya tairi. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Mikono yako bado inaanza kushoto?"

Dereva hakutegemea swali hilo. Alitazama mikono yake yenye grisi kana kwamba imeitwa kutoa ushahidi.

"Nilijaribu kuiachisha," alisema mwishowe. "Hawa vijana nawafundisha kulia, kama watu. Lakini nikisuka mwenyewe, hata sijui. Manong alituonyesha kulia, wote wawili. Lakini mimi nilikuwa nasuka na Mwalimu kila jioni, na yeye na lile bega lake, basi nikamfuata. Ungefanyaje?"

"Mimi aliniambia ni heshima ya wageni."

"Alikwambia nini?"

"Heshima ya wageni."

Dereva alifungua mdomo, akaufunga, kisha kicheko kikamtoka kikubwa mpaka vijana wakaacha mazoezi wakageuka. "Mwongo yule!" alisema. "Mimi aliniambia ndivyo wanavyofanya mabingwa!"

Walicheka wote wawili, wakaegemea basi, mpaka kicheko kikaisha. Mama Viti akafungua gunia. Zilikuwa fimbo za mwisho ambazo mumewe alizikausha kwa moto, pete za kuunguzwa zimezunguka kila pingili, nyeusi na kahawia. Dereva alizitambua kabla hajazigusa. Alinawa mikono kwanza.

Walianza polepole. Fimbo ziligongana juu, chini, juu. Mikono ya Dereva ilikuwa mizito kuliko ile aliyoizoea Mama Viti, na pumzi yake ilikuwa nyingine, lakini ilikuja ilikotakiwa kuja. Wakaongeza kasi. Na walipofika pigo la nne, fimbo zote nne zikakimbia. Zilikutana mapema kidogo kuliko inavyopasa, zote pamoja, kisha zikarudi kwenye mwendo wake. Raundi ya pili, pale pale, pigo la nne, zikakimbia tena.

Mama Viti alisimama. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Alikuwa na haraka hapo."

"Siku zote," alisema Dereva. "Nilikuwa namwambia, kaka, la nne unalikimbilia nini, linakwenda wapi? Kumbe na mimi nakimbia." Aligeuza uso akatazama lile basi lisilo na injini, akalitazama muda mrefu kuliko lilivyostahili. "Nilikuwa nangoja anipigie simu, shemeji. Nilisema akinipigia yeye kwanza, nakwenda siku hiyo hiyo."

"Naye alikuwa anangoja upige wewe."

"Basi tumengojana vizuri."

Alimrudishia fimbo. Kusuka atakuja kusuka, alisema, au labda, afikirie. Lakini vijana wake hawezi kuwapeleka chini ya sheria ile, mtu mwingine aaibishwe kama yeye. Je, Mama Viti angemhakikishia kwamba halitatokea tena?

"Siwezi kukuahidi sheria," alisema Mama Viti. "Sheria si yangu, na nikikudanganya utanijua. Ninachoweza kukuahidi ni msuko tu. Saa tatu asubuhi. Ukija, tutafungua. Usipokuja," alifunga gunia, "Fundi atapata dakika yake ya kunyamaza."

Siku ya mashindano, ukumbi wa shule ya sekondari ulikuwa umepigwa deki tangu alfajiri na bado ulinuka vumbi. Fundi alikuwa amebandika mkanda mweupe sakafuni kuweka mipaka ya ulingo, na kwa kuwa alizoea mageti, pembe zake zilikuwa kamili kabisa. Kofia za wavu zilipangwa juu ya benchi, kila moja na harufu ya jasho la mwaka jana. Nesi wa zahanati alikuwa ameleta barafu yake. Mizani ya kupimia wachezaji ilikuwa ya muuza mchele, na kila aliyepanda juu yake alitaniwa kuwa ni gunia zima au nusu.

Saa tatu ilifika. Dereva hakuwepo. Watazamaji walishajaa, na wale wa nyuma walianza kupiga miguu. Fundi alikuja karibu.

"Shemeji, watu wanachoka. Nitangaze?"

"Ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie usingoje."

Sindano alikuwa amekaa pembeni akifunga kamba za fulana yake ya kinga, akizifungua, akizifunga tena. Alimtazama mama yake aliyesimama katikati ya ulingo mtupu, fimbo mbili mkononi na mbili miguuni, kama mtu aliyefika stendi na basi limeshaondoka. Mama Viti aliyahisi macho hayo. Alipiga moyo konde. Akasema moyoni kwamba atahesabu mizunguko mitatu ya msuko, kisha atamruhusu Fundi. Alihesabu miwili.

Nje ilisikika honi, ndefu, ya basi kubwa. Mlango ukafunguliwa, na klabu ya gereji ikaingia yote na mabegi na kelele, Breki mbele akiwapiga watu vikumbo na kuomba radhi hapo hapo. Dereva aliingia mwisho. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Foleni," alisema.

"Wewe si ndiye dereva?" aliuliza Fundi.

"Ndiyo maana najua kwamba ni foleni." Akampita, akavua viatu, akaingia ulingoni na kuokota fimbo zilizokuwa chini.

Walianza. Ukumbi ulinyamaza wenyewe, bila kuombwa. Juu, chini, juu, na pigo la nne likakimbia, na kwenye benchi la klabu mtu mmoja akasema "eh!" kwa sauti ya chini, maana masikio yalilitambua. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Katika wa tatu kiganja cha Dereva, kwa jasho au kwa hofu, kililegea, na fimbo yake moja ikaruka, ikagonga sakafu na kubingirika mpaka kwenye mkanda mweupe.

Katika ukumbi ule walikuwepo wengi waliokumbuka fimbo nyingine na kicheko kile. Dereva mwenyewe alisimama amekakamaa, anatazama chini, masikio yamemwiva.

Mama Viti hakufikiri. Alikwenda, akainama, akaiokota, akampa, upande wa kushikia ukiwa kwake.

"Tunarudia," alisema. "Hii ya kwanza ilikuwa ya kupasha misuli."

Mtu mmoja alicheka, cheko zuri, na ukumbi wote ukafuata. Dereva alipokea fimbo kwa mikono miwili. Kisha akafanya kitu ambacho Mama Viti alikuwa amekiona gereji: alirudi hatua moja nyuma kabla ya kusimama tena mahali pake. Wakarudia. Mara hii walifika mwisho, na fimbo ziligongana kwa pamoja kiasi kwamba zilitoa sauti moja tu. Fundi, ambaye sauti yake haikuwahi kumwangusha, alijaribu mara mbili kabla ya kuweza kutangaza kwamba mashindano yamefunguliwa.

Walichapana mpaka mchana. Nesi alimaliza barafu. Na katika uzani wa Sindano hawakuhitaji ukuta, maana Breki alimpita mpinzani wake wa kwanza kama lori linavyopita tuta, na Sindano akampita wa kwake kimya kimya, na fainali ikawa ni wao wawili. Mwamuzi alikuwa Fundi.

Breki alikuja kama alivyo. Sindano alirudi nyuma, akakwepa, akangoja, na nafasi ilipotokea alimchapa mkono kwa pigo alilofundishwa na baba yake. Fimbo ya Breki ikaanguka. Fundi alivuta pumzi ya kusema "simama". Lakini mkono wa Sindano ulikuwa umelelewa uani, na ulitangulia. Aliinama, akaokota, akampa.

"Mungu wangu," alisema Nesi.

Kichwa cha Sindano kilikuwa wazi kabisa mbele ya Breki, na fimbo iko mkononi mwa Breki, na sheria iko upande wake. Mama Viti alishika ukingo wa benchi. Aliona bega la msichana yule asiye na breki likipanda.

Lilishuka. Breki akarudi hatua moja nyuma. Akangoja Sindano ainuke, ajipange, ainue fimbo yake. Ndipo akamvamia tena kwa nguvu zote.

Fundi alibaki na mkono hewani. Alimtazama Dereva aliyekuwa upande wa pili wa ulingo. Kisha akaushusha mkono taratibu. "Endeleeni," alisema, ingawa walikuwa wameshaendelea.

Mama Viti alizunguka nyuma ya mabenchi mpaka alipokuwa Dereva. "Wewe ndiye uliyewafundisha hivyo."

"Akikurudishia fimbo, rudi nyuma kwanza. Ndilo somo lao la kwanza, kabla hata sijawaonyesha kushika." Hakuondoa macho ulingoni. "Sheria ya Mwalimu ilikuwa sahihi, shemeji. Hilo nalijua tangu siku ile ile. Ila lile pigo lilinichoma, na nikasema halitampata mtu mwingine kutoka kwa mtu wangu. Sheria haijakataza kungoja."

"Haijakataza," alikubali Mama Viti.

Sindano alishindwa kwa pointi moja. Alivua kofia, akaitupa kwenye benchi, akasema mwamuzi hana macho, kwamba pigo lake la mwisho lilitua wazi na kila mtu kalisikia, na kwamba baba mdogo akapimwe masikio pia kwa kuwa anashinda kwenye mashine. Aliyasema yote hayo kwa mfululizo, uso umemvimba, mpaka Fundi akajificha nyuma ya majaji. Nesi alitaka kwenda kumtuliza.

"Mwache," alisema Mama Viti, na macho yakamjaa machozi. Miezi yote ile hakuwa amemsikia binti yake akikasirikia kitu chochote. "Mwache kabisa. Aendelee."

Jioni mapema, watu walipoondoka, walibaki wachache kubandua mkanda na kukunja viti vya shule, ambavyo Mama Viti alivitazama kwa dharau ya kitaalamu. Dereva na Fundi walikuwa wanabeba mizani pamoja na kubishana kuhusu foleni. Sindano alikuja, bado amenuna kidogo, fimbo mbili kwapani.

"Mama. Nifundishe ule wa kushoto."

Mama Viti aliendelea kubandua mkanda. "Mwombe anko wako Dereva. Yeye ana subira."

"Nimemwomba. Amesema nije kwako. Amesema yeye anakimbia, lakini wewe unakimbia vizuri."

Mama Viti alijinyoosha. Kiuno kililia. Alimtazama binti yake aliyesimama mguu wa kushoto mbele, kwa kubahatisha, mabega yamekakamaa kama mtu anayepigwa picha. Akachukua fimbo zake.

Walisuka pale pale, katikati ya ulingo uliobanduliwa nusu. Vidole viligongwa, wakaanza tena. La kwanza, la pili, la tatu likakaa. La nne, fimbo za Mama Viti zilifika mahali na hazikukuta kitu.

"Umechelewa."

"Sijachelewa. Wewe ndiye umewahi. Hesabu mwenyewe uone."

"Najua nimewahi. Ndivyo ulivyo huu." Alirudi mahali pake, akainua fimbo. "La nne usilingoje. Likimbilie."